Kusikiliza Redio za Treni Marekani: Fedha Yako Iende Kwenye Antena

Treni ya abiria ya Amtrak ina saa yake ya kufika, hata kama mara nyingi huchelewa. Treni ya mizigo haina. Huondoka yadi ikishajaa na kupata wafanyakazi, husimama njiani kuipisha nyingine, hungoja kibali, kisha huibuka saa ambayo haikubandikwa ukutani mahali popote. Kwa anayezipenda treni, na hata kwa anayeishi tu kando ya reli huko Illinois, Ohio au Texas na kutaka kujua kinachopita nje ya dirisha lake, njia ya uhakika ya kuzifuatilia ni ile iliyotumika kwa miongo mingi: kusikiliza redio za upepo wanazozungumzia dereva, kondakta na mwongozaji wa treni anayewapa vibali kutoka ofisini.

Jambo jema ni kwamba Marekani mazungumzo hayo kwa sehemu kubwa yako wazi. Kwenye reli kuu, sauti bado husafiri kwa FM ya analogi bila kufichwa. Ulaya mambo yamebadilika: reli nyingi huko zimehamia GSM-R, mtandao wa simu wa dijitali uliotengenezwa mahususi kwa reli, na skana ya kawaida, yaani kipokezi kinachozunguka chaneli moja baada ya nyingine, haiwezi kuufungua. Reli mpya ya SGR ya Tanzania nayo imejengwa kwa mfumo wa aina hiyo. Kwa hiyo ninachokieleza hapa kinamfaa msomaji aliyeko Marekani. Usinunue vifaa hivi kwa matumaini ya kusikiliza treni ya Morogoro.

Nina hoja moja ya kuitetea mwanzo hadi mwisho. Skana ya bei nafuu iliyofungwa antena nzuri juu ya paa itaishinda skana ya bei kubwa yenye antena fupi ya mpira mezani. Wengi wanaoanza hutoa dola mia tano au mia saba kwa skana, wakabaki na antena ile ile iliyotoka nayo kwenye boksi, wakasikia mkwaruzo, kisha wakaamua kwamba treni za kwao hazizungumzi. Zinazungumza sana.

Tuanze na mahali pa kusikiliza. Reli za Marekani hutumia kipande cha VHF kati ya megahazi 160.215 na 161.565. Kipande hicho kimegawanywa kwa hatua za kilohazi 15, na kila hatua ni chaneli yenye namba iliyopangwa na AAR, chama cha makampuni ya reli ya Amerika Kaskazini. Namba zinaanzia 7 mpaka 97. Zizoee namba hizo, maana ndizo wafanyakazi wa treni huzitaja hewani na ndizo zinazoandikwa kwenye vitabu vyao vya ratiba. Kuigeuza namba kuwa masafa ni hesabu ya darasa la sita: toa 7 kwenye namba ya chaneli, zidisha kwa 0.015, kisha jumlisha 160.215. Chaneli 46 itakupa 39 mara 0.015, yaani 0.585, na jumla yake ni megahazi 160.800. Hiyo ndiyo chaneli ya Norfolk Southern inayosikika Horseshoe Curve, ile kona kubwa iliyofunguliwa mwaka 1854 milimani karibu na Altoona, Pennsylvania, ambako wapenda treni hukusanyika mpaka leo.

Mara nyingi utaona au utasikia namba nne mfululizo, kama 46-46 au 66-66. Mbili za kwanza ni chaneli ya kurushia na mbili za mwisho ni ya kupokelea. Zikifanana, wote wako mahali pamoja na chaneli moja inakutosha. Zikitofautiana, ingiza zote mbili kwenye skana, la sivyo utasikia upande mmoja wa mazungumzo na kuhangaika kutafuta mwingine. Masafa ya reli ya eneo lako utayapata kwenye hifadhidata ya RadioReference au kwa wapenda treni wa mji wako, ambao kwa kawaida huwapa wageni maelezo bila choyo. Hakikisha umejua jina la kampuni na la kipande cha reli, kwa sababu kampuni moja hubadilisha chaneli kutoka kipande hadi kipande.

Sasa skana yenyewe. Kwa anayeanza ninapendekeza skana ndogo ya analogi ya mkononi. Uniden BC125AT ni mfano mzuri: ina nafasi za kuhifadhi chaneli 500, inapokea VHF na UHF, inatumia betri za kawaida za AA, na kwa kawaida huuzwa kwa dola mia moja na ushee. Ndugu yake mdogo BC75XLT ana nafasi 300 na bei ya chini zaidi. Kwa kusikiliza treni zote mbili zinatosha kabisa.

Ukinunua skana iliyotumika, uliza umri wake. Mpaka mwisho wa mwaka 2012 redio za shughuli za ardhini nchini Marekani ziliruhusiwa kutumia upana wa kilohazi 25. Kuanzia tarehe 1 Januari 2013 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilizilazimisha kubana hadi kilohazi 12.5. Skana ya zamani bado itaipokea treni, ila sauti itakuwa ndogo na utalazimika kuongeza volyumu mpaka mwisho. Tatizo la pili ni gumu zaidi: ubanaji huo ulizaa chaneli mpya katikati ya zile za zamani, kwa hatua za kilohazi 7.5. Skana ambayo haijui hatua hizo haiwezi kukaa sawasawa juu yake, na sauti huja imekwaruza. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuoneshe kama kifaa chake kinakubali hatua ya 7.5.

Utasikia watu wakisema kwamba analogi imekwisha na kwamba ununue skana ya dijitali yenye NXDN, mfumo uliochaguliwa na sekta ya reli ya Marekani kwa siku zijazo. Ni kweli mfumo upo, na baadhi ya yadi zimeshaanza kuutumia. Lakini mazungumzo ya njia kuu, yale yanayokuambia treni iko wapi, kwa sehemu kubwa bado ni ya analogi. Kubadilisha redio za maelfu ya vichwa vya treni na minara ya njiani ni kazi ghali, na makampuni hayana haraka. Sikiliza kwanza kwa kifaa cha bei nafuu. Ukigundua kwamba yadi ya karibu nawe imehamia NXDN na unaitaka kwa dhati, hapo ndipo ufikirie kutoa dola mia kadhaa.

Kuna kifaa kingine ninachokipenda zaidi kwa wenye kompyuta: kile kipokezi kidogo cha USB kinachoitwa RTL-SDR. Kilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali, kikiwa na chipu ya RTL2832U, na mwaka 2012 wataalamu wa redio wakaonesha kwamba kinaweza kugeuzwa kuwa kipokezi cha masafa mapana. Bei yake ni kama dola thelathini au arobaini. Uzuri wake kwa mpenda treni ni huu: kinaweza kuonesha kwenye skrini kipande cha megahazi 2.4 kwa mara moja, na kipande chote cha reli kina upana wa megahazi 1.35 tu. Maana yake ni kwamba unaziona chaneli zote za reli kwa pamoja, na kila anayezungumza huacha mstari unaowaka kwenye skrini. Ukihamia mji mpya usiojua chaneli zake, iache kompyuta iwake jioni moja huku programu kama SDR++ ikirekodi, na asubuhi utajua ni chaneli zipi zenye watu. Baada ya hapo ziingize kwenye skana ya mkononi na utoke nayo.

Kuhusu redio za Kichina za mkononi kama Baofeng UV-5R, nazungumza waziwazi: zinavutia kwa bei, lakini sizipendekezi. Huzunguka chaneli polepole mno, huzidiwa kirahisi na mawimbi makali ya mjini, na zaidi ya yote zina kitufe cha kurusha. Kidole kikiteleza, sauti yako inaingia kwenye chaneli inayoendesha treni za tani maelfu. Kama tayari unayo na huna uwezo wa kununua nyingine, iunganishe na kompyuta, fungua programu ya CHIRP, na kwenye kila chaneli ya reli zima urushaji. Fanya hivyo kabla hujaiwasha karibu na reli.

Sasa antena, ambako fedha na jitihada zako zitalipa. Antena fupi ya mpira imetengenezwa ili iingie mfukoni na ipokee kila kitu kidogo kidogo. Masafa ya treni yanahitaji waya wenye urefu wa robo ya wimbi, na kwa megahazi 160 robo hiyo ni kama sentimita 45. Ukibadilisha tu antena ya mpira kwa ya chuma ya kurefusha yenye urefu huo, utasikia tofauti papo hapo. Hakikisha pia unaishika wima. Antena za vichwa vya treni zimesimama wima, na antena ya televisheni iliyolazwa juu ya paa hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi yao hata ikiwa kubwa namna gani.

Ya kupandisha juu ya paa unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa dola chache. Tafuta soketi ya antena ya aina ya SO-239, ile yenye bamba la mraba na matundu manne kwenye pembe. Lehemu kipande cha waya mnene wa shaba cha sentimita 45 kwenye kitovu chake, kisimame juu. Kwenye matundu manne funga kwa skrubu vipande vingine vinne vya sentimita 48 hivi, kisha vikunje vyote vielekee chini kwa nyuzi 45. Ifunge juu ya bomba la plastiki na umemaliza. Antena hii pia hupokea vizuri kwenye megahazi 457, kwa sababu huko urefu wake unakaribia robo tatu za wimbi. Utaona baadaye kwa nini masafa hayo yana faida kwako.

Kimo kina nguvu kuliko ukubwa. Mawimbi ya VHF hufuata mstari ulionyooka na hukatishwa na mviringo wa dunia, vilima na majengo. Ili kukadiria upeo kwa kilomita kwenye ardhi tambarare, chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, uzidishe kwa 4.1. Skana iliyo mkononi mwako kwenye mita 1.5 ina upeo wa kilomita 5. Antena iliyoko mita 9 juu ina upeo wa kilomita 12. Ongeza upeo wa kichwa cha treni chenyewe, ambacho antena yake iko karibu mita 5 kutoka ardhini, yaani kilomita 9 nyingine. Kwa hiyo kutoka mezani hadi paani umetoka kilomita 14 hadi 21 bila kununua skana mpya. Mwongozaji wa treni utamsikia mbali zaidi, maana yeye huzungumza kupitia minara mirefu iliyopangwa kando ya reli, ingawa mwenyewe anaweza kuwa ameketi Omaha kwa treni za Union Pacific, Fort Worth kwa za BNSF, au Jacksonville kwa za CSX. Ndiyo sababu wanaoanza humsikia mwongozaji peke yake akijibizana na kimya. Dereva anajibu, ila antena yako haijamfikia.

Kebo nayo inaweza kula kila ulichokipata. Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 30 hupoteza karibu robo tatu ya nguvu ya mawimbi kwenye masafa haya. Kebo ya kawaida ya televisheni, RG-6, hupoteza nguvu kidogo kuliko hiyo, hupatikana kila duka la vifaa, na kwa kusikiliza tu haina ubaya wowote ingawa wataalamu wa kurusha hawaipendi. Itumie hiyo na kiunganishi cha kubadilishia kichwa. Kila kiunganishi kilichoko nje kizungushie utepe wa mpira unaojigandisha, na kabla kebo haijaingia ndani iache ining'inie chini ya tundu kisha ipande, ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata kebo mpaka kwenye skana.

Usalama wa paani si jambo la kupitia haraka. Usisimamishe mlingoti mahali ambapo ukianguka utagusa waya wa umeme. Unganisha mlingoti na kinga ya kebo kwenye mfumo wa kutuliza umeme ardhini wa nyumba, kama kanuni za umeme za Marekani zinavyotaka, na radi ikianza kunguruma chomoa kebo kwenye skana. Ukiwa mpangaji, mwombe mwenye nyumba kwanza. Akikataa, antena ile ile iliyosimamishwa ndani ya dirisha la ghorofa ya juu linalotazama reli bado itakusaidia sana.

Utajuaje kama antena yako inafanya kazi, wakati treni haijulikani itapita lini? Tumia redio ya hali ya hewa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina vituo zaidi ya 1,000 vinavyotangaza usiku na mchana kwenye chaneli saba kati ya megahazi 162.400 na 162.550, jirani kabisa na kipande cha reli. Tafuta kituo cha mbali kinachosikika kwa shida, kisha badilisha antena, isogeze, ipandishe, na usikilize kama sauti inasafika. Njia hii itakuokolea juma zima la kubahatisha. Vituo hivyo hivyo, vikiwa karibu sana, vinaweza pia kukuletea taabu: mawimbi yao makali yakaingia kwenye chaneli ya treni. Ukisikia utabiri wa mvua mahali ulipoingiza chaneli ya reli, usikimbilie kununua kikuza mawimbi, kwa sababu kitakuza na kero pia. Tafuta kichujio, au isogeze antena upande mwingine wa jengo. Na mkwaruzo unaokuja jioni peke yake mara nyingi hutoka nyumbani mwako, kwenye taa za LED na chaja za bei rahisi. Iendeshe skana kwa betri, zima kifaa kimoja kimoja, utampata mkosaji.

Kwenye skana ingiza chaneli chache: ya njia kuu, ya yadi, na ya kipande cha jirani. Anayejaza chaneli zote 91 huishia kusikia nusu sentensi, kwa sababu skana inazunguka wakati dereva anajibu. Weka subira ya sekunde mbili kwenye kila chaneli ili jibu likukute hapo hapo. Kitufe cha kuzima mkwaruzo kigeuze mpaka mkwaruzo unyamaze, kisha ukiache hapo hapo. Ukikizidisha utazifunga treni za mbali.

Ukishasikia, utahitaji siku kadhaa sikio lizoee. Kwenye reli nyingi za mashariki kondakta hutangaza kila ishara anayoikaribia, akitaja namba ya treni, rangi au jina la ishara, mahali na njia aliyomo. Kwenye vipande visivyo na taa za ishara, mwongozaji humsomea dereva kibali cha kutumia reli kutoka kituo fulani hadi kingine, dereva anaandika, anakirudia neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu, kisha mwongozaji anathibitisha. Chukua kalamu na uandike pamoja naye. Kibali kimoja kinakuambia treni ilipo, inakokwenda, na itakapomngoja mwenzake. Tafuta ramani yenye majina ya stesheni ndogo na nguzo za maili, kwa kuwa majina mengi yanayotajwa ni ya mahali pasipo na mji, makutano ya njia tu katikati ya mahindi.

Sauti itakayokusaidia kuliko zote haitoki kwa binadamu. Kando ya reli kuu, kila baada ya maili kadhaa, kuna vifaa vinavyopima joto la beringi za magurudumu ya treni inayopita na kuangalia kama kuna kitu kinachoburuta chini. Treni ikimaliza kupita, kifaa huzungumza hewani kwa sauti ya mashine: jina la kampuni, nguzo ya maili, njia, kama kuna kasoro au "no defects", na mara nyingi idadi ya ekseli. Hapo umepata mahali hasa na wakati hasa. Idadi ya ekseli inakupa pia urefu: toa sita kwa kila kichwa, gawanya kwa nne, utakaribia idadi ya mabehewa. Treni ya ekseli 412 yenye vichwa viwili ina mabehewa 100 hivi, isipokuwa ikiwa ya makontena, ambayo mabehewa yake huungana kwa kushirikiana magurudumu. Ziandike nguzo za vifaa vya upande wako na umbali wa kila kimoja hadi ulipo. Si vyote husema. Baadhi hunyamaza mpaka vione kasoro.

Umuhimu wa vifaa hivyo ulionekana kwa uchungu tarehe 3 Februari 2023, treni ya Norfolk Southern ilipoanguka East Palestine, Ohio. Uchunguzi wa serikali ulionesha kwamba kifaa cha kwanza kiliipima beringi moja ikiwa nyuzi 38 za Fahrenheit juu ya joto la hewa, cha pili 103, na cha tatu, karibu maili 20 mbele, 253. Hiki cha tatu ndicho kilichotoa onyo la kusimamisha treni, na wakati huo beringi ilikuwa inakufa. Mabehewa 38 yalitoka relini, mengine yakiwa na kemikali za hatari, na wakazi wakahamishwa. Ukikaa ukisikia sauti ile ya mashine ikisema kila saa kwamba hakuna kasoro, kumbuka kazi inayoifanya.

Kuna pia kile kisanduku chenye taa kinachofungwa nyuma ya behewa la mwisho, kilichochukua nafasi ya behewa la walinzi katika miaka ya 1980. Hutuma taarifa za presha ya breki kwa kichwa cha treni kwenye megahazi 457.9375, na kwa sikio ni mlio mfupi wa data. Nguvu yake ni ndogo, husikika kwa kilomita chache. Ndiyo faida yake: ukiingiza masafa hayo kwenye skana na mlio ukaanza, treni iko karibu, hata kama hakuna aliyezungumza. Mfumo mpya wa usalama unaoweza kusimamisha treni yenyewe, uliolazimishwa na sheria ya mwaka 2008 baada ya ajali ya Chatsworth, California, iliyoua watu 25, hutumia megahazi 220 na ni data tupu. Usiupotezee muda.

Asiye na fedha kabisa aanze na simu. Tovuti ya Broadcastify ina matangazo mengi ya moja kwa moja ya redio za reli yanayorushwa na wapenda treni, na hata aliyeko Mwanza au Lubumbashi anaweza kuyasikiliza. Ukiwa karibu na Chicago, nenda magharibi hadi Rochelle, ambako njia kuu za Union Pacific na BNSF zinakatana na mji umejenga bustani ya kutazamia treni yenye kipaza sauti cha redio hizo. Kaa pale saa mbili, utajua kama jambo hili linakufaa kabla hujatoa hata senti.

Sheria uijue kabla ya kutoka nyumbani. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya redio yaliyo wazi kwa umma, lakini kutumia ulichosikia kwa uhalifu au kujipatia faida ni jambo jingine. Baadhi ya majimbo, yakiwemo New York, Florida, Indiana, Kentucky na Minnesota, yameweka masharti juu ya skana ndani ya gari, na mwenye leseni ya redio za ridhaa mara nyingi husamehewa. Masharti hubadilika, kwa hiyo isome sheria ya jimbo lako mwenyewe. Kwa mhamiaji ambaye karatasi zake bado zinashughulikiwa, ninasisitiza zaidi: usiache skana kwenye gari katika jimbo usilojua sheria yake. Uingereza, sheria ya mwaka 2006 inakataza kusikiliza mawasiliano yasiyokusudiwa kwako. Tanzania nayo, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kunasa mawasiliano bila idhini kuwa kosa. Ukirudi nyumbani likizo, skana ibaki Marekani.

Kurusha sauti kwenye chaneli ya reli usijaribu hata kwa utani. Agosti 2023, watu huko Poland walirusha ishara ya kusimamisha treni kwa redio za kawaida, na zaidi ya treni 20 zikasimama. Mfumo ulio wazi kwa msikilizaji uko wazi pia kwa mharibifu, na kila anayesikiliza kwa heshima anasaidia kuuweka wazi kwa wengine.

Ukiwa nje, simama angalau mita tano kutoka kwenye reli, kwa kuwa treni ni pana kuliko njia yake kwa karibu mita moja kila upande, na usiingie eneo la kampuni hata kama picha itakuwa nzuri. Vaa kisikilizio cha sikio moja tu, sikio la pili libaki huru. Na ukiona gari limekwama relini, reli imevunjika au gurudumu linatoa moshi, usishike redio yoyote. Kwenye kila kivuko cha barabara na reli kuna kibao kidogo cha bluu chenye namba ya simu ya dharura ya kampuni na namba ya kivuko hicho. Nenda leo kwenye kivuko kilicho karibu na kwako, zinakili namba zote mbili, uzihifadhi kwenye simu yako kabla hujanunua skana.